Karatasi Tamu

Machi 2

Mama mkwe,

Shikamoo. Simu huisikii, na mimi nikipaza sauti kwenye simu najiona kama nakugombeza, ndiyo maana nimeamua kuandika. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba. Ukikwama mahali ruka, endelea mbele.

Sisi hatujambo. Mwanao bado yuko kambini kwenye ujenzi wa barabara, na mtandao wanaupata Jumapili tu, tena mpaka wapande juu ya kifusi. Anakusalimu sana. Chiriku ametimiza miaka mitatu na maneno elfu tatu. Jana kamuuliza mama mwenye nyumba kwa nini ana ndevu. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani na kodi yangu.

Mama, nimepata kazi. Ni kazi ya matunda, mimi na wanawake wawili. Tuna chumba nyuma ya soko, kina meza ndefu, kina jiko, na juu ya paa kuna sanduku kubwa la kioo la kukaushia kwa jua. Kazi ni safi. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu.

Mkweo,
Mama Chiriku


Machi 8

Mkaza mwanangu,

Marahaba. Masikio yamenikimbia lakini macho bado yananitii, kwa hiyo wewe andika tu.

Kazi ni jambo jema. Ila umeandika meza, umeandika jiko, umeandika sanduku. Mtoto hukumwandika. Wewe ukiwa kwenye hiyo meza, mjukuu wangu yuko wapi? Usiniambie yuko chini yake.

Nyumba yangu ina vyumba viwili na mtu mmoja. Mwisho wa mwezi wa nne nitakuja kumchukua Chiriku, akae kwangu mpaka baba yake arudi. Siombi, naarifu.

Halafu anakula? Baba yake alikuwa mlaji mdogo mpaka nikawa naona aibu mbele za watu. Kila siku, chakula kiwe cha nini, anabakiza kijiko kimoja. “Mama nimeshiba.” Mimi ndiye nakimalizia. Na nilimpikia chakula cha moto, chakula kamili. Usimwache Chiriku akarithi tabia hiyo.

Mama mkwe wako


Machi 15

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Sitakudanganya, Chiriku yuko chini ya meza. Lakini chini ya meza kuna mkeka, kuna mto, na kuna kiti kidogo alichotengenezewa na mwenzetu mmoja tunayemwita Fundi, yule aliyeunda sanduku. Akichoka kukaa anatuvuta vidole vya miguu.

Mama, naomba usimchukue. Nimepiga magoti, ingawa kwenye karatasi huyaoni. Baba yake yuko mbali. Chiriku naye akiondoka nitabaki naongea na sufuria.

Tena kuna mpango. Jirani na soko kuna shule ya chekechea. Mwalimu mkuu ametuambia tumpelekee vitu vyetu, watoto wake wajaribu kula saa nne. Wakivipenda tutakuwa tunapeleka kila wiki, na yeye atampokea Chiriku kuanzia asubuhi mpaka mchana. Hapo hutakuwa na sababu ya kuja kumchukua. Utakuja kutusalimia tu, ukae unavyotaka.

Mzee Taratibu, yule dereva wa lori anayepitwa na kuku barabarani, anakuletea kifurushi pamoja na barua hii. Ndani yake mna karatasi tamu, hilo ni jina la Chiriku. Ni matunda tuliyoyachemsha tukayaponda, tukayatandaza na kuyakausha mpaka yakawa mepesi kama karatasi. Unakata kidogo kidogo unakula. Hata asiye na meno anaweza. Simsemi mtu.

Mkweo,
Mama Chiriku


Machi 23

Mkaza mwanangu,

Kifurushi kilifika. Barua haikufika. Mzee Taratibu aliitia kwenye koti, koti akampa mkewe afue, na akaja kukumbuka siku ya nne. Imefika ina harufu ya sabuni na nusu ya maneno yamekonda.

Kwa hiyo siku nne nzima mimi sijui nimeletewa nini. Nimefungua, nikaona kitu chepesi, kinang'aa, rangi kama kahawia na wekundu ndani yake, kimekunjwa vizuri. Nikasema, mkwe wangu ana akili, amekumbuka kile kioo cha dirisha la jikoni kilichovunjika. Nikapigilia misumari minne midogo. Kilitosha kabisa! Jua la asubuhi likipita pale, jikoni kote kunakuwa rangi ya chungwa. Jirani alikuja kuona, akauliza nimenunua duka gani.

Siku ya tatu sisimizi wakaja. Mstari mmoja, wamenyooka kama wanakwenda paredi. Nikawafukuza, wakarudi na ndugu zao. Nikajiuliza, hawa wanajua kitu gani ambacho mimi sikijui? Nikalamba pembeni. Nikalamba tena. Ndiyo kusema barua yako sisimizi waliisoma kabla yangu.

Mama Chiriku, nimekula dirisha. Lote. Sasa upepo unaingia, na jirani nimemwonjesha kona moja, ananisumbua kila siku.

Lakini kuhusu mtoto sijabadili neno. Utamu ni utamu na malezi ni malezi. Halafu niambie, matunda haya mnayatoa shamba gani? Yana utamu wa tunda lililoachwa likaiva lenyewe.

Mama mkwe wako


Machi 30

Mama,

Shikamoo. Barua ya dirisha nimewasomea wenzangu, Fundi amecheka mpaka amekaa kwenye beseni la maganda. Chiriku anataka kujua kama na mlango unalika.

Matunda yanatoka hapa hapa sokoni.

Mama, jana ndiyo ilikuwa Ijumaa yetu ya shuleni, na imeharibika. Tangu wiki iliyopita matunda tunayopata yameiva sana, na mvua juu. Karatasi hazikushikana. Ukizishika zinanata, ukizivuta zinakatika. Nikasema tupeleke hivyo hivyo, watoto hawachagui. Lo! Mtoto mmoja alinata na daftari. Wawili walinata wao kwa wao, mwalimu akawatenganisha kwa maji ya uvuguvugu kama anabandua stempu. Mmoja alirudi kwao na karatasi tamu imeganda kwenye nywele.

Mwalimu mkuu hakutugombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ametupa Ijumaa moja tu nyingine, tarehe 19 Aprili. Baada ya hapo hakuna tena.

Imebaki karatasi moja nzuri, ya kabla ya mvua. Nilitaka kukutumia uzibe dirisha. Chiriku ameikalia. Anasema ni ya Bibi, na haiendi mpaka amalize kuchora picha ya kuifungia. Picha yenyewe ni yako. Una miguu sita.

Mkweo,
Mama Chiriku


Aprili 4

Mkaza mwanangu,

Mzee Taratibu ana mwendo mdogo lakini mdomo wake hauna breki. Nimemuuliza, matunda ya mkwe wangu yanatoka wapi? Akasema, “Mama, si pale nyuma ya soko, kwenye lundo. Kila jioni nawaona wameinama na ndoo zao.”

Lundo.

Mjukuu wangu analishwa makombo. Mimi mwenyewe nimelishwa makombo, nikamlisha na jirani, nikajisifu. Nimekuuliza shamba gani ukanijibu “hapa hapa sokoni”. Uliniandikia “kazi ni safi”.

Mwanangu hakulelewa hivyo. Katika nyumba yangu hakuna aliyewahi kula kilichoachwa na mtu. Tulikuwa hatuna kitu, lakini sahani yetu ilikuwa yetu.

Usinitumie kingine. Mwisho wa mwezi nikifika nikute nguo za mtoto zimefungwa.

Mama mkwe wako


Aprili 7

Mama,

Shikamoo. Nimekosa, na kosa langu nalijua. Sikukuandikia uongo, ila ukweli niliukata kama ninavyokata papai, nikakuletea upande mzuri peke yake.

Sasa nakuletea lote.

Mwaka jana, mwanao alipokuwa bado hajapata kazi, kuna siku nilipita sokoni wakati wa kufunga na Chiriku mgongoni. Alikuwa analia kilio kile cha chini chini, cha mtoto aliyechoka kulia. Mchuuzi mmoja alikuwa anamwaga papai. Nikamuuliza lina nini? Akanionyesha. Lilikuwa limebonyea upande mmoja, limegongwa na jingine garini, basi. Nikaliomba. Nikakata pale palipobonyea, upana wa sarafu, pengine pote pazima. Chiriku alikula mpaka akasinzia na mkono ndani ya papai.

Tangu siku hiyo nikawa siwezi kupita pale nimefumba macho. Ndizi inatupwa kwa sababu ina madoa usoni. Embe linatupwa kwa sababu limelala siku moja zaidi. Nikawapata Fundi na Mama Pacha, tukaanza.

Siku hizi wachuuzi wanatuwekea kwenye makreti kabla hawajamwaga. Mzee Taratibu anatuona tumeinama kwa kuwa makreti yako chini, hayana miguu. Lenye ukungu au harufu tunaliacha hata kama nusu yake inacheka. Mengine tunayaosha kwa maji ya chumvi, tunakata, tunachemsha. Mikono yangu imechubuka kwa kusugua. Ndiyo maana niliandika kazi ni safi. Makombo ni ya mtu aliyekula akashiba akaacha, Mama. Haya hayajaumwa na mtu. Yameumia njiani tu.

Karatasi bado zinanata. Tumejaribu mara nne. Fundi amelikagua sanduku, anasema ni zima, kosa liko sufuriani. Ijumaa ya tarehe 19 ikitushinda, usijisumbue na safari. Nitamleta Chiriku mwenyewe. Nguo zake nimezifunga mara mbili, na mara mbili nimezifungua.

Ile karatasi yako bado ipo. Anauliza mbona haiendi. Nimemwambia gari halijapita.

Mkweo,
Mama Chiriku


Aprili 15

Mwanangu,

Nimekaa wiki nzima bila kukujibu. Mara tatu nimeshika kalamu, mara tatu nimekwenda kuosha vyombo vilivyo safi.

Unajua nilikuwa mpishi wa shule ya bweni, miaka ishirini na miwili. Usilojua ni hili. Jioni, watoto wa watu wakishakula, kilichobaki kwenye sahani na masufuria kilimwagwa kwenye pipa. Mimi nilikuwa nakiwahi kabla ya pipa. Nakifunga kwenye kitambaa, nakitia chini ya aproni, natembea mbio kifike na uvuguvugu. Nyumbani nakaanga kitunguu kidogo ili jikoni kunuke kama kumepikwa. Nakipakua kwenye sahani ya maua, ile moja tuliyokuwa nayo. Namwambia mwanangu, njoo ule, nimekupikia.

Mpaka leo hajui. Nimeusema uongo huo mpaka umeota mizizi. Nilipokuandikia kwamba nyumbani kwangu hakuna aliyekula kilichoachwa na mtu, sikufuta hata neno moja. Sikukukasirikia wewe. Ulinifungulia kabati bila kujua mna nini.

Sasa sikiliza, mambo ya sufuria haya nayajua. Kosa si mvua wala sanduku. Tunda lililoiva kupita kiasi limepoteza ule ugumu wake wa kushikana. Tafuta mbegu za ndimu, za malimau, za machungwa, hizo watu wanazotema. Kusanya kikombe kimoja. Loweka kwenye vikombe viwili vya maji mpaka kesho yake. Maji yatakuwa mazito, yanateleza kama bamia. Chuja, mimina kwenye tunda, kamulia ndimu mbili, chemsha huku unakoroga. Ukiburuza mwiko chini ya sufuria ukaona njia, na njia isijifunge upesi, epua. Tandaza nyembamba. Na mtu asikushauri uongeze sukari, hiyo sukari nayo inanatisha.

Nguo za mtoto fungua, zikunje, zirudishe mahali pake.

Nilisema namtaka kwa ajili ya malezi. Ukweli ni kwamba vyumba ni viwili, mtu ni mmoja, na huyo mmoja hasikii. Kuna siku nasema neno kwa nguvu ili nihisi tu koo linavyotetemeka. Chiriku na maneno yake elfu tatu, nilifikiri hata nisipoyasikia nitayaona yakitoka.

Habari ya kitambaa usimwambie mwanangu. Au mwambie. Mimi nimeshindwa miaka thelathini. Wewe unajua kukata palipobonyea bila kuharibu tunda.

Mama yako


Aprili 21

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Ya kwanza yangu, ya pili ya Chiriku, ya tatu ya Fundi, ambaye anasema wewe ndiye fundi, yeye abadilishiwe jina.

Mbegu tulizipata kwa muuza juisi wa pale kona. Anazimwaga kila siku ndoo nzima. Alipoona tunazitaka akauliza kama tumeanza uganga. Asubuhi yake maji yalikuwa yanateleza kama ulivyosema. Nikakoroga, nikaburuza mwiko, njia ikaonekana. Mama Pacha akapiga kelele, “Njia hiyo! Njia hiyo!” kama mtu aliyepotea porini.

Juzi Ijumaa, Mama, hakunata mtu. Watoto walizishika, wakazikunja, wakazichungulia kwenye jua. Mmoja alificha yake kwenye soksi, anampelekea mdogo wake. Mwalimu mkuu amekula tatu. Anasema alikuwa anakagua. Kesho Chiriku anaanza shule. Alipopelekwa kusalimia alimkazia macho mwalimu mkuu kidevuni, nikamziba mdomo kabla halijatoka la ndevu.

Nguo zake ziko mahali pake.

Mama, leo ni Jumapili na mwanao amepiga. Nimemwambia. Nimemwambia pole pole, la kitambaa, la aproni, la kitunguu. Halafu nikasikia anacheka, kile kicheko chake kinachoanzia puani, na katikati yake kuna kitu kingine.

Akasema, “Mama anadhani sikujua? Nilikuwa na miaka saba, nikakuta kwenye chakula kipande cha mkate kina alama ya meno. Meno ya mtoto, tena mwenye pengo. Sisi tulikuwa wawili na mwenye pengo hakuwepo. Nikajua. Halafu nikamwangalia yeye, nikaona hana sahani. Ndiyo maana nilikuwa nabakiza kijiko. Nikibakiza viwili angenishtukia.”

Mama, mwanao hakuwahi kuwa mlaji mdogo. Huku kwangu anamaliza sufuria na kulifuta kwa kidole.

Mtoto wako,
Mama Chiriku


Aprili 26

Mwanangu,

Barua yako nimeisomea jikoni, karibu na lile dirisha. Upepo uliingia ukanitoa machozi. Ukiulizwa, sema ni upepo.

Kile kijiko. Miaka yote ile nilikuwa nakimalizia huku namgombeza.

Nilikuambia nakuja mwisho wa mwezi, na mimi si mtu wa kubadili neno. Jumanne Mzee Taratibu ananipakia, kwa hiyo msinitazamie kabla ya Alhamisi. Nakuja na mwiko wangu mrefu wa shuleni na mfuko wa mbegu za ndimu. Majirani wote wananikusanyia, na wote wanaamini nimerukwa na akili. Asubuhi nitampeleka Chiriku shule, njiani aseme anachotaka, mimi nitamtazama mdomo. Mchana niwekeeni nafasi kwenye hiyo meza. Juu yake, si chini.

Ile karatasi yangu Chiriku asiitume tena. Aiweke mezani, nikifika tutaikata vipande vitatu, changu, chake, na chako. Hapana, vinne. Cha nne kifunge kwenye kitambaa safi, ukiweke juu kabatini, mpaka mwanangu arudi.

Safari hii abakiziwe yeye.

Mama yenu